Miaka 14 ya Mwalimu Nyerere baada ya Ikulu

ALHAMISI, Oktoba 14, 1999, Rais Benjamin Mkapa aliwatangazia Watanzania kwamba Mwalimu Julius Kambarage Nyerere amefariki dunia katika Hospitali ya St Thomas', jijini London. Alikuwa na umri wa miaka 77.

Mwaka huo ulikuwa umetengwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wazee. Oktoba mosi, siku ambayo dunia huwakumbuka wazee, mzee aliyejulikana kuliko wote nchini Tanzania alikuwa akiuguzwa ugenini, mbali na mashamba yake ya Butiama.

Tangu hapo, kila Oktoba inapofika, hotuba hutolewa na makala huandikwa juu ya mpigania uhuru, muasisi wa Muungano na mwandishi wa Azimio la Arusha. Sehemu ya maisha yake ambayo huzungumzwa kwa uchache ni ile ya mwisho, yaani miaka 14 kati ya Novemba 1985, alipotoka Ikulu, na siku ile ya Oktoba. Lakini ndiyo sehemu inayomgusa kila mtu. Wanaopata kuwa marais ni wachache, ila kila anayejaliwa umri lazima azeeke.

Kambarage alizaliwa Aprili 1922 Butiama, karibu na Musoma, katika nyumba ya Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Jina lake lilitokana na mzimu wa mvua, kwa kuwa inasimuliwa kwamba siku aliyozaliwa mvua ilinyesha sana. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano wa mtemi huyo, ambaye wakati huo umri wake ulikuwa umekwenda.

Utoto wake ulikuwa wa kuchunga, kulima na kukaa karibu na wazee wakizungumza. Mchezo wa bao aliujua mapema, nao hakuuacha maisha yake yote. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alipelekwa Shule ya Mwisenge, Musoma, safari ya kilometa zipatazo 40 kutoka nyumbani. Baada ya hapo alikwenda Shule ya Serikali ya Tabora, kisha Makerere, na mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, ambako alihitimu mwaka 1952.

Mwaka 1953 alimwoa Maria Gabriel, naye akawa mama wa watoto wake wanane. Mwaka huo pia alianza kufundisha Pugu. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, na mwaka uliofuata kijana huyo aliacha mshahara wa ualimu akajitosa katika siasa.

Katika siku hizo za mwanzo, nguvu ya Mwalimu ilitegemea sana watu waliomzidi umri. Wazee wa Dar es Salaam walimpokea, wakamfungulia milango ya mji na kumshauri. John Rupia, mfanyabiashara aliyemzidi Mwalimu kwa miaka mingi, alikuwa makamu wake katika chama na mmoja wa waliotoa fedha zao kukijenga. TANU ilikuwa na baraza lake la wazee, na vikao vyake vilikuwa na uzito.

Desturi hiyo aliihifadhi hata alipokuwa mkuu wa nchi. Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yameivamia Kagera, Mwalimu alilieleza taifa juu ya vita hivyo akiwa mbele ya wazee wa Dar es Salaam, katika Ukumbi wa Diamond Jubilee. Alipong'atuka mwaka 1985, wazee hao hao ndio aliokutana nao kuwaaga.

Nafasi ya mzee ilikuwamo pia katika fikra zake za kisiasa. Katika maandishi yake ya mwaka 1962 kuhusu ujamaa, alieleza kwamba katika jamii ya jadi mzee aliyeonekana amekaa tu akila jasho la wengine hakuwa mnyonyaji. Ujanani mwake alikwisha kufanya kazi kwa bidii, na mali aliyokuwa akiisimamia ilikuwa ya ukoo mzima. Miaka mitano baadaye, Azimio la Arusha liliposema kwamba kila mtu sharti aishi kwa kazi, liliwatoa katika sharti hilo watoto wadogo, vilema na wazee wasiojiweza. Hao ilikuwa haki yao kutunzwa na wenzao.

Kwa Mwalimu, basi, uzee ulikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulikuwa wa haki, kwamba aliyechoka atunzwe bila kusimangwa. Upande wa pili ulikuwa wa wajibu, kwamba mwenye uwezo asiketi bure na mwenye cheo asikiganie.

Upande huo wa pili ndio ulioleta katika Kiswahili neno kung'atuka. Neno hilo Mwalimu alilichukua katika Kizanaki, lugha ya mama yake. Kwa desturi ya Wazanaki, rika lililokuwa likiendesha mambo ya jamii hufikia wakati likaliachia rika linalofuata, nalo likabaki na kazi ya kushauri. Anayeng'atuka hakufukuzwa na hakushindwa. Zamu yake imekwisha, na heshima yake inabaki pale pale.

Mwalimu alikwisha kuonyesha mapema kwamba aliweza kuachia kiti. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, alijiuzulu Uwaziri Mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa, yeye akaenda kukijenga chama mikoani. Alirudi Desemba mwaka huo akiwa Rais wa Jamhuri.

Novemba 5, 1985, akiwa na miaka 63, alimkabidhi nchi Ali Hassan Mwinyi. Katika Afrika ya wakati ule jambo hilo lilikuwa nadra. Léopold Sédar Senghor wa Senegal alikuwa ameondoka kwa hiari mwishoni mwa mwaka 1980. Ahmadou Ahidjo wa Cameroon naye aliondoka mwaka 1982, lakini alikosana na mrithi wake, akafia uhamishoni mwaka 1989. Wengi wa viongozi wengine waliondolewa kwa bunduki au kwa mauti.

Wala hakuiacha nchi katika hali ya neema. Bidhaa zilikuwa adimu madukani, fedha za kigeni zilikuwa zimekwisha, na mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa yalikuwa yamekwama kwa miaka kadhaa. Mzee aliyeondoka Ikulu aliondoka akijua kwamba sehemu kubwa ya aliyoyajenga ingebomolewa mbele ya macho yake. Wastaafu wengi huishiwa nguvu kwa uchungu wa namna hiyo.

Alichokifanya ni kurudi kijijini. Butiama, mahali paitwapo Mwitongo, alikuwa na nyumba, mashamba na mifugo. Alilima mahindi na mtama kama walivyolima majirani zake, na wageni waliofika kumwona, wakiwamo wakubwa wa nchi za nje, walizoea kuambiwa kwamba mwenyeji wao yuko shambani. Mashamba hayo yalimpa mzee huyo sababu ya kuamka mapema na kutembea kutwa, akiwa na jambo la kuzungumza na wakulima wenzake ambalo halikuhusu siasa.

Jioni ilikuwa ya bao. Mchezo huo hauchezwi na mtu mmoja, na hauangalii cheo. Wazee wa kijiji walikaa naye, wakahesabu kete, wakafungana na kutaniana. Kwa mtu aliyekuwa amezungukwa na walinzi na itifaki kwa zaidi ya miaka 20, kupata watu wa rika lake wanaoweza kumfunga na kumcheka ilikuwa tiba ya aina yake.

Ibada nayo ilikuwa na nafasi yake. Akiwa Mkatoliki aliyebatizwa mwaka 1943, Mwalimu alihudhuria misa mara kwa mara, Butiama na hata alipokuwa nyumbani kwake Msasani, Dar es Salaam. Alipokuwa hayuko shambani wala kanisani, alikuwa katika vitabu vyake.

Jambo moja husahaulika katika habari za kustaafu kwake. Mama yake mzazi alikuwa bado hai. Mgaya wa Nyang'ombe alifariki mwaka 1997, akiwa na umri uliokadiriwa kupita miaka 100. Kwa miaka 12 ya kustaafu, basi, Baba wa Taifa aliendelea kuwa mtoto wa mtu. Mwenye miaka 70 na kitu alikuwa na mkubwa wake wa kumwamkia, na alijionea kwa macho yake kwamba mtu wa umri ule huhitaji kuwa karibu na wanawe na wajukuu kama anavyohitaji chakula.

Huku akilima, kazi za kalamu hazikupungua. Mwaka 1987 alianza kuongoza Tume ya Kusini, iliyowakutanisha wataalamu na viongozi kutoka nchi zinazoendelea ili kutafuta njia ya nchi hizo kujikwamua na umaskini. Katibu Mkuu wa tume hiyo alikuwa Manmohan Singh, mchumi ambaye baadaye, kuanzia mwaka 2004 hadi 2014, alikuwa Waziri Mkuu wa India. Ripoti yao ilitoka mwaka 1990, na kutokana nayo kikaanzishwa Kituo cha Kusini, mjini Geneva, ambacho Mwalimu alikuwa mwenyekiti wake hadi alipofariki.

Kazi nyingine ilikuwa ya faragha zaidi. Miaka ya 1960, akiwa na majukumu ya nchi, alikuwa ametafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Uzeeni alijipa kazi ndefu kuliko hizo, akaziweka Injili nne na Matendo ya Mitume katika mtindo wa tenzi. Vitabu hivyo vilichapishwa Ndanda na Peramiho mwaka 1996, mtunzi akiwa na miaka 74. Mtu anayehesabu mizani na kutafuta vina katika maelfu ya beti, bila kulazimishwa na yeyote, ni mtu ambaye akili yake haijastaafu.

Ingekuwa si kweli, hata hivyo, kusema kwamba uzee wake ulikuwa wa utulivu mtupu au kwamba kila mtu aliufurahia. Urais aliuacha mwaka 1985, lakini uenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi aliendelea nao hadi mwaka 1990. Kwa miaka hiyo mitano nchi ilikuwa na Rais mmoja na mwenyekiti mwingine, na wapo waliosema kwamba mzee ameng'atuka nusu.

Aliporuhusu mjadala wa vyama vingi, na hatimaye mfumo huo ukarudi mwaka 1992, alisifiwa kwa kukubali kubadilika. Mwaka uliofuata, kundi la wabunge 55 lilipotaka iundwe Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, alisimama kulipinga kwa nguvu zake zote. Kitabu chake, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kilichotoka mwaka 1994, kiliwakemea waziwazi viongozi waliokuwa madarakani. Mwaka 1995 sauti yake ilikuwa na uzito mkubwa katika kumpata mgombea urais wa CCM, naye akazunguka nchini kumfanyia kampeni Benjamin Mkapa.

Waliomkosoa waliona kwamba rika lililoachiwa uongozi halikuachiwa kweli. Waliomtetea walikumbusha kwamba kwa desturi ile ile ya kung'atuka, aliyeachia ana haki ya kuonya anapoona nyumba inaungua. Ubishi huo haukupata kumalizika. Ni ubishi ambao hutokea pia katika nyumba za kawaida, pale baba anapomkabidhi mwanawe shamba kisha akashindwa kunyamaza akiona mbegu zinapandwa vibaya.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa nzito kuliko zote za uzeeni. Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na nchi hiyo jirani ikatumbukia katika mauaji ya kikabila. Wakimbizi walimiminika magharibi mwa Tanzania. Mwaka 1996 Mwalimu, akiwa msuluhishi, aliwakutanisha Warundi Mwanza. Mazungumzo yalivunjika, Meja Pierre Buyoya akatwaa madaraka Julai mwaka huo, na nchi za eneo hili zikaiwekea Burundi vikwazo.

Mzee hakukata tamaa. Juni 1998 alifungua mazungumzo mapya Arusha, yakiwa na ujumbe wa pande 17. Ilikuwa kazi ya kukaa vikaoni saa nyingi, kusikiliza watu wanaochukiana, kuondoka bila jibu na kurudi tena baada ya wiki kadhaa. Subira ya namna hiyo hailetwi na nguvu za mwili. Huenda ndiyo kipaji pekee ambacho uzee humwongezea mtu badala ya kumpunguzia.

Mwaka huo huo wa 1998 madaktari walimgundua kuwa na saratani ya damu. Umma wa Watanzania haukuelezwa mapema, naye hakuitumia hali yake kuomba kupumzishwa. Aliendelea na vikao vya Arusha, akaendelea kusafiri na kuzungumza hadi katikati ya mwaka 1999. Septemba alikwenda London kwa matibabu, na safari hiyo hakurudi akiwa hai.

Mwili wake uliwasili Dar es Salaam Oktoba 18. Watu walijipanga barabarani kwa maelfu, na kwa siku kadhaa misururu ya kuaga haikukatika. Baada ya mazishi ya kitaifa Oktoba 21, yaliyohudhuriwa na viongozi kutoka mataifa mengi, alipelekwa kwao na kuzikwa Mwitongo, Jumamosi, Oktoba 23.

Usuluhishi wa Burundi ulichukuliwa na mzee mwingine. Nelson Mandela, aliyekuwa na miaka 81 na ambaye alikuwa ametoka madarakani kwa hiari miezi michache kabla, aliteuliwa mwishoni mwa mwaka 1999. Mkataba wa amani ulitiwa saini Arusha Agosti 28, 2000, chini ya mwaka mmoja tangu aliyeuanzisha azikwe.

Ni rahisi kuisoma habari hii kama sifa ya mtu mmoja mkubwa. Yafaa pia isomwe kwa kuyatazama yale aliyokuwa nayo, ambayo wazee wengi hawana. Mwalimu alikuwa na ardhi yake, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Alikuwa na pensheni, na alipougua alifikishwa kwa mabingwa. Alikuwa na mke, watoto na wajukuu, na alikuwa na wa kucheza naye bao. Zaidi ya yote, alipozungumza alisikilizwa.

Katika miaka ile ile, kwenye mikoa mingine ya Kanda ya Ziwa, vikongwe walikuwa wakiuawa kwa kudhaniwa wachawi. Kosa la baadhi yao lilikuwa macho mekundu, yaliyotokana na moshi wa kuni walizopikia maisha yao yote. Walikuwa raia wa nchi ile ile iliyosema mwaka 1967 kwamba asiyejiweza kwa uzee atatunzwa na wenzake. Hakuna ushahidi mzito kuliko huo kwamba heshima kwa wazee haijilindi yenyewe kwa kuwa imo katika mila.

Miaka minne baada ya Mwalimu kufariki, mwaka 2003, Serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee. Sera hiyo ilimtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, ikazungumzia matibabu bila malipo kwa wasio na uwezo, na ikataka wazee washirikishwe katika mambo yanayowahusu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee wapatao milioni 2.5 nchini. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya Sh20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa.

Hatua hizo ni za upande ule wa kwanza, wa haki. Dawa, pensheni na ulinzi ndiyo msingi, na mzee mwenye njaa hawezi kufurahia bao. Maisha ya Butiama yanakumbusha kwamba upo na upande wa pili. Mzee huishi vizuri anapokuwa na jambo la kufanya kesho asubuhi, mwenzake wa kuzungumza naye jioni, na mtu mwenye umri mdogo anayekuja kumwuliza neno, kisha akasubiri jibu.

Hayo hayahitaji bajeti ya Serikali. Yanahitaji mtoto aliyeko mjini aende kijijini na kukaa siku mbili badala ya kutuma fedha peke yake. Yanahitaji pia kijiji kimwite mzee wake kwenye kikao, hata kama uamuzi utakuwa wa vijana.

Kaburi la Mwalimu liko Mwitongo, jirani na makaburi ya wazazi wake, katika ardhi aliyoilima baada ya kuacha urais. Wageni wanaofika hapo huona vitabu vyake, nyumba zake na mawe makubwa aliyozoea kuyatazama tangu utotoni. Alizaliwa hapo mtoto wa mtemi, na alipokwisha kuwa mkubwa kuliko mtemi yeyote wa nchi hii, alirudi hapo hapo kuzeeka miongoni mwa watu waliomjua kwa jina la Kambarage.